Kosa Lilikuwa Kutembea Bila Kipande

Tunaambiwa adhabu ni ya kurekebisha mkosaji na kulinda jamii. Sawa. Sasa niambie, miaka ya 1920 hapa Kenya, mwanaume Mwafrika akishikwa bila kipande, alikuwa ameumiza nani?

Kipande kilikuwa na alama za vidole na jina la mwajiri, na ukikivaa shingoni ndani ya mkebe mdogo wa chuma. Ukitoroka shamba la mzungu unasakwa nacho, unapigwa faini ama unafungwa. Hapo jamii haikulindwa, mzungu alilindiwa vibarua. Harry Thuku alipinga, 1922 akakamatwa na kupelekwa Kismayu bila kesi.

Mpaka leo kitambulisho tunakiita kipande. Kwa hivyo ukiambiwa mtu ni mhalifu, uliza kwanza: hiyo sheria inalinda nani?