Gitaa la Umeme na Karakana ya Nyumbani

Desturi ya watu wengi waandikapo historia ya chombo ni kuanzia mlangoni pa kiwanda. Hutaja mwaka kiwanda kilipofunguliwa, jina la mwenye kiwanda, na hesabu ya vyombo vilivyotoka humo. Kisha hudhani kuwa wamemaliza. Desturi hii ina sababu yake, maana viwanda huweka madaftari, na mwanahistoria hawezi kwenda mbali pasipo daftari. Walakini ina kasoro moja kubwa: huifanya dunia isadiki kuwa kila jambo jipya hutoka kwa wenye mali na mitambo. Gitaa la umeme ni shahidi wa kinyume chake. Nia ya insha hii ni kuonyesha kuwa chombo hiki kilianzia juu ya meza za watu majumbani, na hata baada ya viwanda kukitwaa kiliendelea kupata uhai katika karakana ndogo za wapenzi wake. Na ya kuwa, kwa sababu hiyo, mtu atengenezaye upya gitaa kuukuu ameshika amana ya historia mikononi mwake, ajue asijue.

Kwanza yafaa kueleza gitaa hili hufanya kazi namna gani, ili msomaji aone kwa nini liliweza kuundwa mezani. Gitaa la kawaida hutoa sauti kwa tumbo lake: uzi hutikisika, ubao mwembamba hutikisika pamoja nao, na hewa iliyomo ndani huikuza sauti. Gitaa la umeme halitegemei tumbo. Chini ya nyuzi zake za chuma huwekwa sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu kwa maelfu. Uzi ukitikisika huisumbua nguvu ya sumaku, na badiliko hilo huzaa umeme mdogo ndani ya waya, kwa kanuni ileile aliyoigundua Michael Faraday mwaka wa 1831. Umeme huo hupelekwa katika kikuza-sauti, na kutoka hapo spika hunena. Kidude hiki cha sumaku na waya tutakiita kinasa. Mtu mwenye sumaku, waya, ubao mgumu na subira amekwisha kupata sehemu kubwa ya mahitaji. Haba na haba ya mizunguko ndiyo ijazayo kibaba cha sauti.

Haja ya chombo hiki ilitoka katika bendi za dansi za Marekani. Tarumbeta na ngoma zilikuwa na sauti kubwa, na mpiga gitaa alikaa katikati yao kama mtu asemaye sokoni pasipo kusikiwa. George Beauchamp, mpiga gitaa la mtindo wa Hawaii aliyekuwa akiishi Los Angeles, alijaribu kuiondoa dhiki hiyo. Alitafuta kinasa kifaacho kwa majaribio mengi ya nyumbani, juu ya meza ya kulia chakula, na waya wake aliuzungusha kwa mota iliyotolewa katika mashine ya matumizi ya nyumbani. Kinasa kilipokuwa tayari mwaka wa 1931, mwenziwe Harry Watson alichonga shingo na kiwiliwili cha mti kwa vyombo vya mkono, katika muda wa saa chache tu. Baadaye Beauchamp alishirikiana na Adolph Rickenbacker, na mwaka wa 1932 gitaa lao la alumini likaanza kuuzwa. Maombi ya hati ya uvumbuzi yalipelekwa mwaka wa 1934, na hati yenyewe ikatolewa mwaka wa 1937. Kwa hiyo meza ilitangulia kiwanda, na kiwanda kikaitangulia hati. Anayeanza kusoma hadithi hii kutoka kwenye hati huwa ameishika kwa mkia.

Mfano wa pili ni wa Les Paul. Mnamo mwaka wa 1940 na 1941 alipewa ruhusa ya kuingia katika kiwanda cha Epiphone mjini New York siku za Jumapili, wakati wafanyakazi wamepumzika. Mahali palikuwa pa kiwanda, lakini kazi haikuwa ya kiwanda. Ilikuwa kazi ya mtu mmoja na wazo lake. Alichukua gogo la msonobari lenye upana wa inchi 4 kwa inchi 4, akalitia shingo, nyuzi na vinasa. Alitaka kuthibitisha kwamba ubao mzima usio na tumbo hudumisha mlio wa uzi muda mrefu, wala haupigi kelele spika inapourudishia sauti. Gogo lilifanya kazi kama alivyotaka, lakini wasikilizaji hawakuvutiwa na umbo lake. Basi alipasua gitaa la kawaida katikati, akagandisha nusu mbili pande zote mbili za gogo kama mbawa. Nusu hizo hazikuongeza sauti, zilituliza macho. Kampuni ya Gibson, aliyoipelekea wazo lake, haikulikubali mara moja. Gitaa lenye jina lake lilitoka mwaka wa 1952, miaka miwili baada ya Leo Fender, fundi wa redio wa Fullerton huko California, kuanza kuuza gitaa lake la ubao mzima. Huyu Fender, katika maisha yake yote, hakujua kupiga gitaa.

Sasa na tuvuke bahari tuende Uingereza, ambako karakana ya nyumbani ilitoa mfano ulio mashuhuri kuliko yote. Tangu mwaka wa 1951 hata 1959 serikali ya nchi hiyo ilizuia vyombo vya muziki vya Marekani visiingizwe. Zuio lilipoondoka, bei ilibaki kuwa ukuta mwingine. Vijana wengi waliyaona magitaa ya Marekani katika picha na nyuma ya vioo vya maduka, wakaishia hapo. Mmoja wao alikuwa Brian May, aliyezaliwa mwaka wa 1947 na kukulia Feltham, magharibi ya London. Baba yake, Harold, alikuwa mjuzi wa elektroniki na fundi wa mikono; vitu vingi vya nyumba yao alivitengeneza mwenyewe. Mwezi wa Agosti 1963, mwana akiwa na umri wa miaka 16, wawili hao walianza kuunda gitaa. Kazi ilichukua miaka miwili, na gharama zake zilikuwa kama paundi 8.

Orodha ya vitu walivyotumia yastahili kusomwa polepole, kwa kuwa ni historia ya nyumba nzima. Shingo ilitoka katika ubao wa mahogani wa meko ya kuotea moto, ulio na umri wa zaidi ya miaka mia, uliokuwa karibu kutupwa. Ubao ulikuwa umebunguliwa na wadudu, na matundu yake yakazibwa kwa vijiti vya kibiriti. Sehemu ya kiwiliwili ilitoka katika meza kuukuu ya mwaloni. Alama za kuonyesha mahali pa vidole zilikuwa vifungo vya lulu kutoka kisanduku cha kushonea cha mama. Mkono wa kuitikisa sauti ulitoka katika kishikio cha mkoba wa baiskeli, na ncha yake ilikuwa kipande cha sindano ya kufumia. Springi zilizoushikilia mtambo huo zilikuwa za vali za pikipiki ya mwaka wa 1928. Mtambo wenyewe uliegemea makali ya kisu cha chuma kigumu, na nyuzi zilipita juu ya magurudumu madogo, ili msuguano usizipotoshe sauti. Hili ndilo jambo la kuangaliwa: magitaa mengi ya dukani yalikuwa na maradhi ya kupoteza sauti yake mkono ule ukitumiwa, na hawa wawili waliyatafutia dawa kwa kisu na springi kuukuu.

Isidhaniwe kuwa kila walichokigusa kilifaulu. Vinasa vya kwanza viliundwa nyumbani kwa sumaku ndogo za dukani. Na ili kuhesabu mizunguko ya waya walitumia kipima-mwendo cha baiskeli. Vilitoa sauti nzuri, lakini uzi ulipovutwa kando kwa kidole vilitoa kelele mbaya, kwa sababu ya namna ncha za sumaku zilivyopangwa. Mwishowe walinunua vinasa vitatu vya Burns, wakavimiminia gundi ngumu ndani ili waya usitetemeke na kupiga ukelele. Kukiri kuwa jambo umelishindwa, kisha ukanunua kile kinachokuzidi uwezo na kukitengeneza zaidi, si aibu kwa fundi. Aibu ni kuficha.

Gitaa hilo lilisikika katika sahani zote za kundi la Queen tangu ya kwanza ya mwaka wa 1973, na mwaka wa 2002 lilipigwa juu ya paa la jumba la kifalme la Buckingham. Kila alipokwenda mwenyewe, meko, meza na kisanduku cha mama vilikwenda pamoja naye. Lakini historia si sherehe tupu. Mwana aliacha masomo yake ya juu ya elimu ya nyota akafuata muziki, na baba, aliyemfundisha mkono wake kushika randa na patasi, alihuzunika kwa njia mkono ule ulivyompeleka. Kwa muda hawakuwa wakisemezana. Walipatana baadaye, baba alipokwenda New York akamwona mwanawe ukumbini kwa macho yake. Mwaka wa 2007, baba akiwa amekwisha kufariki, mwana alimaliza masomo yale na kupewa shahada ya udaktari.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini nyumbani? Kiwanda kina mashine, wajuzi na fedha. Nyumba ina nini? Jawabu ni kuwa nyumba ina ruhusa ya kukosea. Kiwandani kosa ni hasara inayoandikwa, na mtu huulizwa. Nyumbani kosa ni jioni moja iliyopotea. Tena kiwanda hutafuta gitaa liwafaalo watu elfu, ilhali aundaye nyumbani hutafuta limfaalo mtu mmoja. Na mara nyingine lile la mmoja huonekana kuwa ndilo elfu walilokuwa wakilihitaji. Wala siri hii si mali ya Marekani na Ulaya peke yao. Mjini Kinshasa, Mawangu Mingiedi na wenziwe wa kundi la Konono N°1 waliitia likembe umeme kwa vinasa walivyoviunda kwa sumaku za vyuma vya magari vilivyotupwa. Chombo kilikuwa cha jadi, lakini kanuni ya sumaku na waya ilikuwa ileile ya meza ya Los Angeles.

Sasa tuje kwenye kazi ya kutengeneza magitaa kuukuu, ambayo ni burudani ya watu wengi zaidi kuliko kuunda mapya. Mtu hununua gitaa lililovunjika au lililonyamaza, akalilehemu nyaya zake, akanyoosha shingo, akasawazisha vichuma vilivyolika kwa vidole. Kazi hii ina hatari ambayo haionekani, nayo ni msasa. Katika magitaa ya Fender ya miaka ya 1950, wafanyakazi waliandika tarehe kwa kalamu ya risasi mwishoni mwa shingo, mahali panapofichwa na kiwiliwili. Tadeo Gomez, mmoja wa wafanyakazi hao, anajulikana leo kwa wapenzi wa magitaa kwa herufi mbili, T na G, alizoziandika hapo. Hakuandika kitabu wala hakuomba hati ya uvumbuzi. Herufi hizo ndizo sahihi yake. Fundi mwenye haraka, atakaye shingo ing'ae, huzifuta kwa pumzi tatu za mkono, naye hudhani amesafisha uchafu.

Wako wasemao kuwa gitaa si masalio ya kuwekwa kabatini. Ni chombo cha kupigwa, na kisichopigika hakina faida. Neno hili ni la haki, nami silipingi. Kichuma kilicholika sharti kibadilishwe, na waya uliokatika sharti uunganishwe. Lakini kuponya si kugeuza. Mnakili wa utenzi akikuta ukurasa umechanika hushona karatasi. Akianza kusahihisha beti za mtunzi kwa kuwa yeye anaona bora, amekuwa mtunzi wa pili na mwizi wa kwanza. Vivyo hivyo kwa rangi iliyopasuka na tundu lililotobolewa na mwenyewe wa zamani. Mfano mwema upo. Mwaka wa 1998 gitaa la May lilitengenezwa na Greg Fryer, fundi wa Australia. Kabla ya kuligusa kwa matengenezo alikuwa amekwisha kulipima na kuunda nakala zake tatu. Alijifunza kwanza juu ya mbao zake mwenyewe, ndipo akazishika za mwenziwe. Na mwaka wa 2014 ukachapishwa kitabu kizima juu ya gitaa hilo moja.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi wa nyumbani hana karani, na magitaa yaliyo mengi hayatapata kitabu. Basi anayefungua gitaa kuukuu na aweke daftari lake kando ya patasi: aandike alichokikuta, alichokiondoa na alichokitia, na kipande alichokiondoa akitie katika bahasha, akiache pamoja na chombo. Kazi hiyo haimgharimu zaidi ya robo saa. Nasi tulio wanafunzi wa historia, tuliozoea kutafuta habari katika karatasi peke yake, tujifunze kusoma mbao pia. Maana watu wengi walioijenga dunia hii hawakuandika popote ila juu ya kazi yao.