Wakongwe wa Florida na lawama isiyo yao

Kila linapozuka wazo la kuwaundia wakongwe wa soka wa Mtwara ligi yenye malipo, hakosekani mtu wa kulizima: wazee waachiwe bonanza, nani atatoa kiingilio kuwatazama? Wenye hoja hiyo wasome habari za Pelicans wa St. Petersburg, Florida, timu ya besiboli ya wastaafu iliyoanza 1989, ikatwaa ubingwa na kufa kabla ya 1990 kwisha. Peter Golenbock aliiandikia kitabu, The Forever Boys, ambacho kwetu hakitajwi.

Kisa cha mwanzo wa ligi yao ni kifupi. Jim Morley, mfanyabiashara wa ardhi na majengo, aliona wacheza gofu wakongwe Marekani wakivuna fedha. Akaanzisha ligi ya timu 8, kila moja mechi 72. Sharti lilikuwa miaka 35, ila wadakaji waliruhusiwa kuanzia 32, maana kuchuchumaa nyuma ya mpigaji humaliza magoti mapema. Besiboli haimtaki mtu akimbie dakika 90 kama soka: mpigaji akipiga, kituo cha kwanza kiko mita 27 tu.

Linalopuuzwa ni nani aliyepewa uongozi wa ligi hiyo. Alikuwa Curt Flood, aliyekataa mwaka 1969 kuuzwa kutoka St. Louis kwenda Philadelphia bila kuulizwa. Alifungua kesi, akashindwa katika Mahakama ya Juu mwaka 1972, uchezaji wake ukiwa umekwisha mwaka mmoja kabla. Uhuru wa mchezaji kuchagua timu ulipatikana miaka michache baadaye, wakanufaika wengine. Kocha wa Pelicans, Bobby Tolan, alikuwa mwenzake katika kikosi cha St. Louis kilichotwaa ubingwa wa 1967. Wengi waliorudi uwanjani Florida walitumikia klabu kubwa kabla mishahara haijapaa. Magazeti yaliyowacheka vitambi hayakujisumbua kuuliza kwa nini mtu wa miaka 40 anataka tena mshahara wa mpira.

Tena walicheza kweli. West Palm Beach Tropics walishinda mechi 52 kati ya 72. Miongoni mwao alikuwamo Ron Washington, mwenye miaka 37, ambaye baadaye aliifikisha Texas Rangers fainali ya Marekani mara mbili, 2010 na 2011. Lakini Februari 4, 1990, Pelicans waliwachapa Tropics hao 12–4 na kubeba kombe.

Msimu wa pili haukufika mwisho. Majukwaa yalikuwa matupu, wenye timu walikuwa wakila hasara, na wamiliki wa timu ya Fort Myers walipogombana wenyewe kwa wenyewe, ligi nzima ilifungwa Desemba 26, 1990. Sababu ya umri inapendwa kwa kuwa ni nyepesi. Haielezi, hata hivyo, kwa nini ugomvi wa wamiliki wa timu moja uliwafuta kazi wachezaji wa timu zote.

Hata hapa Mtwara, klabu yetu ya Ndanda ilipanda Ligi Kuu 2014, ikashuka 2020, na haikuwa timu ya wazee. Basi anayetaka kuwarudisha wakongwe kwenye uwanja wa Nangwanda Sijaona aache kuwapima vitambi. Aanze kwa kueleza mishahara itatoka wapi siku ambayo mashabiki hawakuja.