Jenerali

Cheo cha jeshi mtu huvishwa. Walikale na Masisi, mashariki mwa Kongo, wapo waliojivika. Ntabo Ntaberi Sheka alikuwa mfanyabiashara wa madini hadi alipounda kundi la wapiganaji la NDC, 2009, akawa “jenerali”. Mwaka uliofuata, kati ya 30 Julai na 2 Agosti, wapiganaji wake na wenzao walibaka mamia ya raia Luvungi na vijiji jirani. Novemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimfunga maisha. Lakini Mamadou Ndala wa jeshi la taifa, aliyeshangiliwa Goma kwa kupigana na waasi wa M23 mwaka 2013, alikuwa kanali tu, na wala hakupungukiwa heshima. Wahariri wenzangu, kabla ya “jenerali” wa msituni tuandike “aliyejiita”. Ni neno moja tu, nafasi ipo.