Walemko: watu wa milimani waliokosa safu kwenye daftari

Februari 1968, wapita njia wa Stockholm walikuta uso wa jumba la Moderna Museet umebandikwa picha za vichwa vya ng'ombe. Ndani yalipangwa mamia ya maboksi ya Brillo, chapa ya sabuni ya kusugulia sufuria, kana kwamba ghala la duka la jumla limehamia makumbusho. Hayo ndiyo yalikuwa maonyesho ya kwanza ya msanii Andy Warhol peke yake katika makumbusho ya Ulaya. Aliingia Sweden kama Mmarekani, na pasipoti yake ilisema hivyo hivyo.

Wakati huo Bredäng, kusini-magharibi mwa jiji, kulikuwa kupya kabisa. Kituo cha treni ya chini ya ardhi kilifunguliwa 1965, na magorofa yake marefu yalijengwa katika miaka hiyo hiyo, Sweden ilipokuwa ikihangaika kumaliza uhaba wa nyumba. Leo mkazi wa Bredäng hupanda treni namba 13, akashuka katikati ya jiji, akavuka daraja kwa miguu hadi kisiwa cha Skeppsholmen, makumbusho hayo yalipo. Majirani zake wametoka pande nyingi za dunia, na kila mmoja ameandikwa mahali fulani kwa jina la nchi aliyozaliwa. Kwa wengi jina hilo linatosha. Kwa watu wa Warhol halikutosha hata siku moja.

Wazazi wake, Andrej na Julia Warhola, walitoka Miková, kijiji kilichoko mashariki mwa Slovakia ya leo. Walikuwa Warusini wa Karpati, watu wanaoishi katika miteremko inayogawanywa sasa na mipaka ya Poland, Slovakia na Ukraine, na wengine wao walihamia nyanda za Serbia tangu karne ya 18. Tawi lao la upande wa Poland ndilo linaloitwa Walemko. Lugha yao ni ya Kislavoni cha mashariki, jamaa ya Kiukraine, na hadi leo kuna ubishi mkali kama ni lugha kamili au ni lahaja tu. Warusini wenyewe hawana msimamo mmoja: wapo wanaojihesabu Waukraine, na wapo wanaosema wao ni taifa la nne la Waslavoni wa mashariki, baada ya Warusi, Waukraine na Wabelarusi.

Maisha ya Mlemko wa zamani yalionekana vizuri zaidi kwenye nyumba yake. Ilikuwa nyumba ndefu ya magogo, na chini ya paa moja waliishi watu upande huu, ng'ombe upande ule, na katikati palikuwa uwanja wa kupuria nafaka. Magogo yalipakwa mafuta ghafi yaliyochanganywa na udongo wa kuchoma, yakawa kahawia iliyokolea, na nyufa kati ya gogo na gogo zikazibwa kwa udongo na kupakwa chokaa. Mafuta hayo hayakutoka mbali. Eneo la Gorlice ni miongoni mwa mahali pa kwanza duniani kuchimbwa mafuta ya petroli, na wanaume wa kijiji cha Łosie waligeuza bahati hiyo kuwa biashara. Walipakia mikokoteni kwa lami na grisi ya magurudumu, wakazunguka nayo nchi baada ya nchi kwa miezi mingi.

Nguzo ya pili ilikuwa kanisa. Kwa mapatano ya Brest ya 1596 na ya Uzhhorod ya 1646, Wakristo wa milima hiyo walikubali mamlaka ya Papa huku wakibaki na ibada yao ya Mashariki, lugha yao ya sala na mapadri wanaooa. Makanisa yao ya mbao, yenye minara ya ngazi ngazi na kuba zilizofunikwa vigae vya mbao, yamedumu kuliko vijiji vingi vilivyoyajenga. Mwaka 2013 UNESCO iliyaingiza 16 ya aina hiyo, ya Poland na Ukraine, katika orodha ya urithi wa dunia.

Walichokosa ni dola. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza 1914, Austria-Hungaria iliwashuku kuwa vibaraka wa Urusi, ikawafungia maelfu katika kambi ya Thalerhof karibu na Graz, na zaidi ya 1,700 wakafia humo. Dola hiyo ilipovunjika, wajumbe wa Walemko walikutana Florynka, Desemba 1918, wakatangaza jamhuri yao wenyewe. Ilidumu zaidi ya mwaka mmoja. Poland iliizima 1920 na kuwafikisha viongozi wake mahakamani, ambako waliachiwa huru. Upande wa kusini wa milima ulitwaliwa na Czechoslovakia. Huko hadi leo husimuliwa kisa cha mzee wa Mukachevo aliyezaliwa Austria-Hungaria, akasoma Czechoslovakia, akaoa Hungaria, akafanya kazi Umoja wa Kisovieti na kustaafu Ukraine, ilhali hajawahi kutoka mjini kwake.

Pigo kubwa lilikuja baada ya vita vya pili. Kati ya 1944 na 1946 Poland na Umoja wa Kisovieti walibadilishana raia, na Walemko walio wengi wakapelekwa Ukraine. Waliobaki walifikiwa 1947. Machi mwaka huo Jenerali Karol Świerczewski aliuawa katika shambulio la waasi wa Kiukraine, na serikali ya kikomunisti ikapata kisingizio. Aprili 28 ilianza Operesheni Vistula. Askari walizingira kijiji kimoja baada ya kingine, familia zikapewa saa chache tu za kufunga mizigo, kisha zikapakiwa kwenye mabehewa pamoja na mifugo yao. Watu wapatao 140,000, Waukraine na Walemko, walipelekwa magharibi na kaskazini mwa Poland, kwenye mashamba waliyotimuliwa Wajerumani. Amri ilikuwa watawanywe, wasiwe wengi mahali pamoja, ili watoto wao wamezwe na Kipolandi. Karibu 4,000 walioshukiwa kusaidia waasi walipitishwa kambi ya Jaworzno, iliyokuwa tawi la Auschwitz, na zaidi ya 150 hawakutoka hai.

Wasomaji wa Arusha hawahitaji kuelezwa sana habari za watu wa Poland kung'olewa kwao. Wakati huo huo Tengeru, jirani na Arusha, ilikuwa bado na kambi ya maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi, na makaburi yao yako pale mpaka sasa. Hao walihamishwa na Wasovieti kutoka mashariki ya Poland mwaka 1940 na 1941, kisa tofauti na cha Walemko. Lakini zama ni zile zile, ambapo mtu alipangiwa mahali pa kuishi kufuatana na kabila lililoandikwa mbele ya jina lake.

Mmoja wa waliohamishwa 1947 alikuwa mchoraji omba-omba wa mji wa Krynica aliyejulikana kama Nikifor. Mama yake alikuwa kibarua fukara. Yeye mwenyewe alizungumza kwa taabu, na watu wengi hawakumwelewa. Alikaa kando ya njia wanakopita wageni waliokuja kuoga maji ya tiba, akawauzia picha alizochora juu ya chochote alichookota: paketi za sigara, majalada ya madaftari, karatasi za chokoleti. Alichora vituo vya treni, makanisa ya kwao, na yeye mwenyewe akiwa amevaa mavazi ya askofu. Walipompeleka upande wa pili wa nchi, alirudi. Wakampeleka tena, akarudi tena.

Alipopata sifa, hata picha zake zikaonyeshwa Paris, urasimu ulibaki na tatizo: hakuwa na hati. Mwaka 1962 akapewa kitambulisho chenye jina la kubuni, Nikifor Krynicki, yaani Nikifor wa Krynica. Alifariki Oktoba 1968, mwaka ule ule wa ng'ombe wa Stockholm. Ilibidi Walemko waende mahakamani, na 2003 ndipo jina lake la ubatizo, Epifaniusz Drowniak, lilipothibitishwa rasmi.

Warhol naye alikuwa na nyumbani kwingine ambako hati hazikukuonyesha. Alibatizwa na kulelewa katika kanisa la Warusini mjini Pittsburgh, mbele ya ukuta wa picha za watakatifu waliopangwa safu kwa safu. Mama yake alitengeneza maua kwa makopo matupu, na mwandiko wake ulitumika katika kazi za mwanawe. Hao wawili waliishi pamoja New York karibu miaka 20. Mwaka 1991, baada ya ukomunisti kuanguka, makumbusho ya Warhol yalifunguliwa Medzilaborce, mji ulio jirani na Miková.

Kuanguka huko kuliwafungulia mlango na Walemko wa Poland. Baadhi yao walikuwa wamerejea milimani tangu 1956, na wengine walilazimika kununua upya nyumba za baba zao. Mwaka 1990 Seneti ya Poland ililaani Operesheni Vistula. Mwaka uliofuata Kilemko kikaanza kufundishwa shuleni, na sheria ya 2005 ikawatambua kuwa jamii ya wachache. Kila Julai hukusanyika Zdynia, wakawasha moto mkubwa, wakaimba na kutafuta ndugu waliotawanyika. Sensa ya 2011 ilihesabu Walemko zaidi ya 10,000 Poland, na Warusini wapatao 33,000 Slovakia.

Afrika Mashariki tunaijua kesi hii. Wamakonde wa Kwale, waliotoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, waliishi Kenya kwa vizazi bila vitambulisho, hadi 2016 walipotembea kwa miguu kuelekea Ikulu ya Nairobi na kutambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba wa Kwale na Kilifi walisubiri hadi 2023. Asiye na kitambulisho hasajili shamba, hafungui akaunti, wala cheti cha mtoto hakipatikani kwa urahisi.

Sweden haihesabu makabila. Takwimu zake huandika nchi uliyozaliwa, na kwa historia ya Ulaya ya karne iliyopita, huo ni uangalifu wenye sababu. Lakini matokeo yake ni kwamba Mlemko akihamia Bredäng atahesabiwa Poland, Mpemba wa Kilifi atahesabiwa Kenya, na Mbajuni aliyekimbia Kismayu atahesabiwa Somalia. Penye safu ya lugha ni shuleni. Tangu mageuzi ya 1977, mtoto anayezungumza lugha nyingine nyumbani anaweza kufundishwa lugha hiyo; siku hizi, kwa kawaida, sharti ni wanafunzi wasiopungua watano katika manispaa waiombe na mwalimu afaaye apatikane. Shule haiulizi kama lugha hiyo ina bendera.

Walemko walilipigania jambo hilo hilo kwa miaka zaidi ya 40, walipokuwa wakifundishana Kilemko majumbani na makanisani. Mzazi wa Bredäng anayezungumza Kiswahili, Kibajuni au Kirusini hahitaji kuandamana wala kwenda mahakamani. Anachotakiwa ni kuijaza fomu ya shule na kuirudisha kwa wakati, kwa sababu asipofanya hivyo yeye, hakuna karani atakayemwandikia.