Kimeta cha Sverdlovsk: uongo wa nyama na ushahidi wa upepo

Jumatatu ya tarehe 2 Aprili 1979, upepo ulivuma kuelekea kusini juu ya Sverdlovsk, mji wa viwanda kwenye milima ya Ural nchini Urusi. Hakuna aliyeona wala kunusa kitu. Siku chache baadaye watu walianza kufikishwa hospitalini wakiwa na homa na kifua kilichobana, na wengi walikata roho kabla madaktari hawajajua wanatibu nini. Waliokufa walikuwa angalau 66.

Serikali ya Kisovieti ilikiri kwamba ni kimeta, ila ikasema kimetokana na nyama ya mifugo wagonjwa iliyouzwa kwa magendo. Mfugaji yeyote wa Afrika Mashariki angeyakubali maelezo hayo. Anajua mnyama wa kimeta huanguka ghafla, damu ikamtoka puani bila kuganda, na anayemchuna au kumla huugua. Hapo ndipo ulipokuwa ubaya wa uongo ule: uliegemea jambo la kweli, kwa kuwa mifugo ilikuwa imekufa kweli vijijini. Hata Matthew Meselson, mwanabiolojia mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliona maelezo ya nyama yanawezekana.

Kilichofichwa ni Kambi 19, kituo cha jeshi ndani ya mji huohuo, ambako kimeta kilikuzwa kwa ajili ya vita. Mkataba wa kupiga marufuku silaha za kibayolojia ulitiwa saini mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1975. Moscow haikuusaini tu. Ilikuwa miongoni mwa serikali tatu zilizokabidhiwa kuutunza.

Shirika la ujasusi, KGB, lilizoa mafaili ya wagonjwa hospitalini. Lakini wataalamu wawili wa patholojia waliochunguza maiti, Faina Abramova na Lev Grinberg, walificha vipande vya viungo vya marehemu pamoja na maandishi yao. Kwa maoni yangu hao ndio mashujaa wa kisa hiki. Hawakuwa na gazeti la kuwasemea wala mahakama ya kuwalinda. Walikuwa na mitungi ya fomalini na imani kwamba iko siku mtu atauliza.

Siku hiyo ilifika mwaka 1992. Boris Yeltsin, ambaye wakati wa msiba alikuwa kiongozi wa chama katika mkoa huo, sasa akiwa rais wa Urusi, alikiri kwamba chanzo kilikuwa shughuli za jeshi. Meselson akaenda na timu yake. Wataalamu wale wawili walitoa hazina yao, na mwaka 1993 wakachapisha uchunguzi wa maiti 42. Tezi za katikati ya kifua zilikuwa zimeoza kwa damu. Mtu aliyekula nyama mbaya huumia kwanza tumboni. Hawa walikuwa wamevuta ugonjwa kwa pumzi.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya miguu. Jeanne Guillemin, mtaalamu wa sayansi ya jamii, alibisha hodi nyumba kwa nyumba akiwauliza wajane na watoto wa marehemu: alikuwa akiishi wapi, akifanya kazi wapi, mchana ule alikuwa wapi? Majibu yalipowekwa kwenye ramani, karibu wote waliangukia ukanda mwembamba wenye urefu wa kilomita kama nne, kuanzia Kambi 19 kwenda kusini, kiwanda cha vyombo vya kauri kikiwa ndani yake. Mstari uleule ulipoendelezwa, ulipita kwenye vijiji vilivyopoteza mifugo, hadi umbali wa kilomita 50 hivi. Kumbukumbu za hali ya hewa za uwanja wa ndege zikaonyesha ni siku gani upepo ulifuata njia hiyo: ile Jumatatu. Nyama haiuzwi kwa kufuata upepo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1994 katika jarida la Science. Mwaka 2016, wanasayansi walisoma vinasaba vya bakteria kutoka vipande vile vilivyofichwa, wakakuta kimeta kinachofanana sana na cha porini, bila dalili ya kubadilishwa ili kishinde dawa. Watu wa Sverdlovsk waliuawa na ugonjwa ambao penisilini ingeweza kuutibu kama ungewahiwa, na waliokuwa wakijua kilichovuja hawakuwaambia madaktari.