Feni kubwa, mwendo wa pole: historia fupi ya kutoa hewa bila kelele

Najua nimepotea kwa muda, na sababu ya ukimya wangu, mtacheka, ni kelele.

Mwaka jana nilisimamisha hema la kuoteshea mimea kwenye kona ya bedsita yangu, ghorofa ya nne. Kwa asiyelijua, ni fremu ya vyuma vyembamba iliyovishwa kitambaa kizito chenye kung'aa upande wa ndani, na taa ya LED inaning'inia juu. Langu lina upana wa mita moja kila upande na urefu wa mita mbili. Nimepanda pilipili hoho, dhania, na miche ya nyanya ambayo mama huichukua kupeleka shambani Limuru. Taa inatoa joto, majani yanatoa unyevu, na hewa hiyo isipotolewa nje ukungu haukawii. Kwa hivyo feni ni lazima. Nikashuka mjini nikanunua ya bei nafuu, ya kipenyo cha sentimita 10, iliyoandikwa kwenye boksi kwamba haina kelele.

Haina kelele! Ililia kama nzi aliyekwama ndani ya chupa. Nyumba inayopakana na yangu anaishi nesi wa zamu ya usiku. Yeye hulala mchana, na mchana ndipo taa yangu huwaka. Siku ya tatu akabisha hodi, macho mekundu. "Kijana wangu, hicho kitu kinasaga nini humo ndani tangu asubuhi?" Nikasema pole mama, nitakirekebisha. Nikafunga swichi ya kupunguza mwanga wa taa ili feni iende polepole, nayo ikaacha kulia na kuanza kuguna. Nikaizima kabisa mchana. Baada ya siku nne dhania ilikuwa na ukungu. Kufikia hapo habari zilikuwa zimemfikia landilodi: mashine itoke kabla ya mwisho wa mwezi, au nitoke nayo.

Sasa, mimi kazi yangu ni kuandika programu, na kanuni yangu ni kutogusa msimbo wa mtu mwingine kabla ya kusoma historia ya mabadiliko yake. Basi nikaamua kusoma historia ya feni.

Inaanza mbali, chini ya ardhi. Mwaka 1556 kilichapishwa mjini Basel kitabu cha Georgius Agricola kuhusu uchimbaji wa madini, De re metallica, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Ndani yake kuna michoro ya mashine za kuingiza hewa migodini, zikiwemo ngoma zenye mapanga ndani, zinazozungushwa kwa mkono, kwa upepo au kwa maji. Bila hewa mchimbaji anakufa, kwa hiyo hakuna aliyejali mashine inapiga kelele kiasi gani. Kelele ikawa tatizo pale feni ilipopandishwa juu, wanakoishi watu.

Na hapa kuna kisa ambacho kilinifanya niwe mpole kwa jirani yangu. Mwaka 1723 bunge la Uingereza lilikuwa na shida ya joto na hewa nzito, na mwanasayansi John Theophilus Desaguliers akapewa kazi ya kuitatua. Aliweka moto kwenye vyumba vidogo vya juu ili hewa chafu ivutwe kutoka ukumbini. Tatizo ni kwamba juu ya ukumbi kulikuwa na mama mtunza nyumba aliyezitumia nafasi hizo, naye hakupenda kusumbuliwa. Akawa anachelewa kuwasha ule moto hadi ukumbi ujae joto, na mpango ukaharibika. Desaguliers alirudi miaka ya 1730 na gurudumu kubwa la kuvuta hewa, lenye kipenyo cha futi 7, yaani zaidi ya mita 2, likizungushwa na mtu mmoja kwa mkono. Soma tena vipimo hivyo. Gurudumu la mita 2 linazungushwa na mkono wa binadamu, kwa hiyo haliwezi kwenda mbio. Uhandisi ulianza na jibu sahihi bila kukusudia, kwa sababu hakukuwa na mota ya kuukosesha.

Mvuke na umeme viliukosesha. Miaka ya 1880 Schuyler Wheeler wa Marekani aliweka mapanga mawili kwenye mota ya umeme akapata feni ya mezani, na Philip Diehl, aliyekuwa ametengeneza mota ya cherehani za Singer, akaining'iniza mota yake darini. Mota ndogo hupenda kwenda kasi, na kuanzia hapo njia rahisi ya kupata hewa zaidi ikawa kuongeza mizunguko. Feni yangu ya kwanza ni mjukuu halali wa mawazo hayo.

Aliyenivutia zaidi kuliko wote ni Samuel Cleland Davidson, mzaliwa wa Ireland mwaka 1846. Mwaka 1864, akiwa kijana hata kuniliko, alitumwa Cachar, kule Assam nchini India, kwenye mashamba ya chai. Wakati huo majani yalikaushwa juu ya moto wa makaa, kazi ya polepole yenye kuharibu majani mengi. Davidson akaanza kubuni mashine za kukausha kwa hewa ya moto, akaziita Sirocco, jina la upepo wa joto utokao Sahara. Mwaka 1881 alifungua kiwanda chake Belfast. Lakini mashine zilihitaji hewa nyingi, na feni za zama hizo zilikuwa na mapanga machache, marefu na bapa, kama makasia. Mwaka 1898 akatoa feni ya umbo jingine kabisa: ngoma yenye mapanga mengi mafupi kwenye ukingo wake, yamepindwa kuelekea upande inakozunguka. Umbo hilo linarusha hewa ileile kwa mizunguko michache zaidi. Fungua hita ya gari lako leo utamkuta Davidson humo ndani.

Mwaka 1903 hospitali ya Royal Victoria ilifunguliwa Belfast, na feni kutoka kiwanda chake zilisukuma hewa wodini. Njia ya hewa iliyojengwa chini ya hospitali hiyo ni kubwa kiasi cha mtu mzima kutembea ndani yake. Mwaka huohuo, 1903, chai ya kwanza ya Kenya ilipandwa Limuru. Nimekulia karibu na kiwanda cha chai, na sauti ya feni zake za kunyausha majani naikumbuka: mngurumo mnene, wa chini, ambao baada ya nusu saa huusikii tena. Haikuwahi kutukosesha usingizi. Ile ya sentimita 10 ilishindwa siku ya kwanza.

Kwa nini? Hapa tuingie kwenye hesabu kidogo, msinikimbie.

Kelele ilipata kipimo chake miaka ya 1920 katika maabara za simu za Bell, Marekani, ndipo desibeli ilipozaliwa. Kuanzia mwaka 1929 jiji la New York lilikuwa na tume nzima ya kupima makelele ya barabarani. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, wa Bell pia, walichapisha michoro inayoonyesha kwamba sikio halisikii sauti zote sawa: mngurumo wa chini hulisumbua kidogo kuliko mlio wa juu wenye nguvu ileile. Halafu mwaka 1936 Mrusi L. Gutin akakokotoa sauti ya propela inayozunguka. Mlio wake mkuu ni idadi ya mapanga mara mizunguko kwa sekunde. Feni ya mapanga 7 ikizunguka mara 2,500 kwa dakika inaimba kwenye hezi 292 hivi. Ipunguze hadi 1,250, noti inashuka hadi 146, ambako sikio halina makali sana.

Hiyo ni noti tu. Ukali wake ndio wenye kushangaza. Mwaka 1952 James Lighthill, akiwa Manchester, aliandika nadharia ya jinsi hewa inayokwenda kasi inavyozaa sauti, na mwaka 1955 N. Curle akaonyesha kwamba hewa inayopiga kitu kigumu, kama panga la feni, hutoa sauti inayokua kwa kipeo cha 6 cha kasi. Mafundi wa feni hutumia kanuni ya karibu na hiyo: ukipunguza mizunguko kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, msukumo unabaki robo, umeme unabaki moja ya nane, na kelele inashuka kwa desibeli 15 hivi. Desibeli 10 sikio hulisikia kama nusu. Yaani unatoa sadaka nusu ya hewa, unarudishiwa zaidi ya nusu ya ukimya na karibu stima yote. Nani anakataa biashara hiyo? Sharti ni moja: uanze na feni iliyo kubwa kuliko unavyohitaji.

Wenzangu wa kompyuta walijaribu njia ya mkato. Apple II ya mwaka 1977 haikuwa na feni, kwa sababu Rod Holt aliitengenezea pawasaplai isiyotoa joto jingi. Hiyo ilikuwa kazi halali. Ila mwaka 1980 ikaja Apple III, mashine yenye joto zaidi, na Steve Jobs akashikilia kwamba hii pia isiwe na feni. Kati ya matatizo yake mengi, chipu zilikuwa zikilegea kwenye soketi, na ushauri uliotolewa ni kuinyanyua kompyuta inchi chache juu ya meza na kuiachilia ianguke ili zikae sawa. Nilicheka sana niliposoma hayo, kisha nikakumbuka dhania yangu. Joto likishazaliwa lazima liondoke.

Suluhisho la wakati wetu lina mizizi mwaka 1962, T. G. Wilson na P. H. Trickey walipoeleza mota ya umeme wa mkondo mmoja isiyo na brashi, inayobadilishiwa mkondo kwa elektroniki. Mota za ukoo huo, ziitwazo EC, zinapunguzwa mwendo vizuri bila kulalamika. Tofauti yake na mota ya kawaida ya stima ya ukutani ni kubwa. Swichi ya taa hukatakata wimbi la umeme, na mota ya kawaida huguna kwa kila mkato, mara 100 kwa sekunde kwenye stima yetu ya hezi 50. Huko ndiko kuguna kwangu kulikotoka, na nilikuwa nimeilaumu beringi bure. Feni za kompyuta zenye waya nne nazo hukatiwa mkondo, ila mara 25,000 kwa sekunde, ambako sikio la binadamu halifiki.

Basi nikarudi kwenye hema na kalamu. Ujazo wake ni mita 2 za ujazo. Kubadilisha hewa mara moja kila dakika ni mita 120 za ujazo kwa saa. Kwenye bomba la sentimita 10 hewa hiyo lazima ikimbie mita 4.2 kwa sekunde. Kwenye bomba la sentimita 15, mita 1.9 tu. Boksi la feni yangu ya zamani halikusema uongo mtupu, lilinyamaza tu: namba yake ya desibeli ilipimwa mita 3 kutoka kwenye feni, bila chujio la mkaa wala bomba. Kusogea kutoka mita 1 hadi 3 mahali pa wazi kunapunguza karibu desibeli 10 bila kugusa hata skrubu. Siku hizi nikiona namba isiyo na umbali naipita kama tangazo la mganga.

Nilinunua ya sentimita 15 yenye mota ya EC, karibu mara tatu ya bei ya ile ya kwanza, na ninaiendesha chini kidogo ya nusu. Nimeining'iniza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli ili mtikisiko usipite kwenye fremu na ukuta, jambo ambalo lilisaidia kuliko nilivyotarajia, maana ukuta wa ploti zetu ni ngoma. Bomba limenyooka hadi dirishani, na kona ni moja tu.

Wiki iliyofuata nilimpelekea nesi fungu la dhania na kumuuliza kama bado analala vibaya. Akasema mchana sasa ni shwari kabisa. "Lakini kijana wangu, siku zangu za mapumziko nakusikia ukigonga hiyo kompyuta mpaka saa nane za usiku. Wewe hulali?"