Pumzi chini ya maji: historia ya kidhibiti hewa na somo lake kwa watu wa mto

Kisangani ni mji wa watu wa maji. Kwenye maporomoko ya Wagenia, wavuvi bado wanasimika miti mikubwa katikati ya mawe, wanaifunga pamoja, kisha wananing'iniza vikapu vikubwa vyenye umbo la koni mahali maji yanapopita kwa nguvu. Mara mbili kwa siku wanakwenda kuangalia. Kikapu kikinasa, kijana mwepesi anajitupa ndani ya mto na kutoa samaki. Hana chupa wala mpira wa hewa. Ana pumzi moja aliyoivuta juu, na ikikaribia kwisha anarudi.

Jimbo la Tshopo lina wapiga mbizi wengine, ambao watalii hawaji kuwapiga picha. Ni wale wanaotafuta dhahabu na almasi chini ya mito. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Zaire iliruhusu raia kuchimba madini kwa mikono na kuyauza, na Kisangani ikajaa nyumba za wanunuzi wa almasi. Mali hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizofanya majeshi ya Rwanda na Uganda yapigane ndani ya mji kwa siku sita, kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Vita vilipita, kazi ya mtoni ikabaki. Kijana anashuka na mpira mdomoni, hewa inatoka kwa kompresa iliyowekwa juu ya mtumbwi, naye anabaki chini muda mrefu akielekeza bomba linalofyonza changarawe.

Kati ya wapiga mbizi hao wawili kuna kifaa kidogo ambacho historia yake inafaa kujulikana hapa. Ni kidhibiti hewa. Aliyesoma kwa Kifaransa atakiita detanderi, na watu wa Kisangani wanamjua ndugu yake: kile kinachofungwa juu ya chupa ya fundi wa kuchomelea vyuma, au juu ya chupa ya oksijeni hospitalini. Kazi yake ni kupokea hewa yenye nguvu kubwa na kuipunguza mpaka mtu aweze kuivuta.

Kwa nini mpira mtupu hautoshi? Kwa sababu maji yana uzito. Kila mita 10 za kushuka, mgandamizo unaongezeka kwa kiasi sawa na hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Mtu aliye mita 10 chini anabanwa mara mbili kuliko aliye ukingoni. Akiwa mita 20, mara tatu. Ndiyo maana mtu hawezi kukaa chini akivuta hewa kwa bomba refu lililofika juu: hata kabla ya kufikia kina cha mita moja, kifua kinashindwa kupanuka. Hewa lazima imfikie ikiwa na nguvu ileile ya maji yanayomzunguka, isizidi wala isipungue.

Wazungu wa miaka ya 1830 walijibu swali hilo kwa kofia ya shaba. Pampu iliyo juu ya meli ilisukuma hewa bila kukoma, mpiga mbizi alivuta aliyohitaji, na iliyobaki ilitoka nje. Kazi nyingi za bandari zilifanyika hivyo, lakini hewa nyingi ilipotea, na mtu alikuwa mfungwa wa bomba lake. Waliosimama kwenye pampu wakichoka, yeye ndiye aliyelipa.

Wazo la hewa inayokuja pale tu mtu anapoivuta halikutoka baharini. Lilitoka kwenye machimbo. Benoît Rouquayrol, mhandisi wa migodi huko Ufaransa, alitengeneza mwaka 1860 kifaa cha kusawazisha mwendo wa gesi, akikusudia kuwasaidia watu walionaswa ndani ya migodi yenye hewa mbaya. Mwaka 1864, pamoja na afisa wa jeshi la majini Auguste Denayrouze, alikifanya kifae chini ya maji. Ndani yake mlikuwa na utando. Mtu akivuta pumzi, utando unaingia ndani na kufungua vali. Akiacha kuvuta, vali inajifunga. Mwandishi Jules Verne alikitaja katika hadithi yake ya safari za chini ya bahari. Lakini chupa za wakati ule hazikuweza kubeba hewa nyingi, kwa hiyo mpiga mbizi aliendelea kutegemea bomba.

Miaka zaidi ya 60 ikapita. Mwaka 1926 Yves Le Prieur, naye Mfaransa, alionyesha chombo chenye chupa ya hewa nyingi, lakini hewa ilitoka bila kukoma na mtu alipaswa kuipunguza kwa mkono. Wazo la utando lilikuwa kama limesahauliwa.

Lililorudisha wazo hilo ni vita na ukosefu wa mafuta. Ufaransa ilipokaliwa na Wajerumani, petroli ilikuwa adimu, na magari mengi yakatembea kwa gazojeni, ile gesi inayotokana na kuni au makaa. Émile Gagnan, mhandisi wa kampuni ya Air Liquide mjini Paris, alikuwa ametengeneza kidhibiti kidogo cha kulisha injini gesi hiyo. Desemba 1942 alitembelewa na afisa wa jeshi la majini, Jacques-Yves Cousteau, aliyetafuta njia ya kupumua chini ya maji bila bomba. Kilichotengenezwa kwa ajili ya gari kikageuzwa kuwa cha binadamu.

Jaribio la kwanza, ndani ya mto Marne, halikwenda vizuri. Cousteau akisimama wima, hewa ilimwagika ovyo. Akigeuza kichwa chini, hewa ikawa ngumu kuvuta. Tatizo lilikuwa mahali tu: tundu la kutolea pumzi lilikuwa juu zaidi ya utando wa kuingizia, na tofauti hiyo ya sentimita chache za maji ilitosha kuharibu kila kitu. Wakayaweka mahali pamoja. Kufikia Juni 1943 Cousteau aliogelea baharini kusini mwa Ufaransa, chupa mgongoni, bila kamba wala bomba.

Hatua ya mwisho ilitoka Australia. Mwaka 1952 Ted Eldred wa Melbourne aliuza kidhibiti alichokiita Porpoise, kilichogawanywa sehemu mbili. Ya kwanza inafungwa kwenye chupa na kushusha nguvu ya hewa, ambayo leo ni kama mara 200 ya hewa ya kawaida, mpaka kama mara 10. Ya pili iko mdomoni nayo inamalizia kazi. Bomba moja jembamba linaziunganisha. Karibu vidhibiti vyote vinavyouzwa leo vinafuata mpango huo.

Kwa njia hiyo kupiga mbizi kukawa starehe ya watu wa kawaida. Kenya ilifungua hifadhi zake za bahari za Malindi na Watamu mwaka 1968. Leo watu wanashuka kutazama matumbawe huko, na vilevile Mafia, Pemba na Mnemba karibu na Unguja. Karibu zaidi na sisi, maji maangavu ya Ziwa Tanganyika yaliwavuta wapiga mbizi wanaokamata samaki hai wa rangi kwa ajili ya wafugaji wa ng'ambo.

Je, mtu mwenye fedha kidogo achague nini? Historia yenyewe inajibu: kifaa kizuri ni kile ambacho mtu anaweza kukielewa na kukitengeneza. Sehemu ya kwanza inapatikana kwa aina mbili kubwa. Ya pistoni ina vipande vichache, ni imara, na ile isiyosawazishwa ndiyo rahisi kuliko zote kwa bei. Ubaya wake ni kwamba pumzi inakuwa nzito mtu akienda chini sana au chupa ikikaribia kwisha. Kwa anayeogelea kina kidogo, inatosha. Ya utando ina vipande vingi na matengenezo yake ni ghali zaidi, lakini iliyozibwa vizuri hairuhusu maji kufika kwenye springi. Kwa maji yenye mchanga na matope kama ya mito yetu, hiyo ni faida ya kweli.

Bei ya dukani ni mwanzo tu wa gharama. Pete za mpira zilizo ndani zinachakaa hata kifaa kikiwa kimelala kabatini, na watengenezaji wengi wanataka kifunguliwe na fundi aliyefunzwa kila mwaka au kila miaka miwili. Kwa hiyo kidhibiti cha bei ya chini ambacho vipuri vyake vinapatikana ni bora kuliko cha fahari ambacho hakuna fundi wa kukifungua. Kwa kinachouzwa Ulaya, alama ya EN 250 inaonyesha kwamba kilipimwa kwa kanuni za huko. Ni lazima pia kilingane na mdomo wa chupa, kwani kuna cha kukaza kwa skurubu ndani ya vali na kuna cha kubana kwa nje, na havibadilishani bila kiunganishi.

Anayenunua kilichokwisha kutumika anaweza kufanya majaribio matatu kabla ya kutoa fedha. Kwanza, kikiwa hakijafungwa kwenye chupa na mdomo wa sehemu ya kwanza umezibwa, avute hewa: ikija, kuna tundu. Pili, akifunge kwenye chupa, afungue, kisha afunge tena vali ya chupa na kuangalia saa ya hewa: mshale ukishuka, kinavuja. Tatu, abonyeze kitufe cha mbele akiachie: hewa itoke kwa nguvu na ikome mara moja.

Jambo moja halina mjadala. Kidhibiti cha fundi wa kuchomelea si cha kupumulia, na chupa yake ya oksijeni si ya kupigia mbizi. Oksijeni tupu inageuka sumu kuanzia kama mita 6 chini ya maji, na inaleta degedege.

Hapa ndipo habari hii inarudi mtoni. Tangu mwaka 2023, mapigano kati ya jamii za Mbole na Lengola yamewafukuza maelfu ya watu vijijini mwao, na wengi wamekimbilia mtaa wa Lubunga na sehemu nyingine za Kisangani. Kijana aliyepoteza shamba hachelewi kukubali kazi, na kazi ya kushuka na mpira wa kompresa haidai cheti. Anayeikubali anapaswa kujua maswali ya kuuliza. Je, kompresa inavuta hewa upande ule unaotoka moshi wa injini? Moshi huo una sumu isiyo na harufu, na mtu analala chini bila kujua. Ni nani anayechunga mafuta ya injini na mpira usijikunje? Atakaa chini kwa muda gani? Daktari Mfaransa Paul Bert alieleza tangu mwaka 1878 kwamba hewa ya nitrojeni inayoingia mwilini chini ya maji inatoa mapovu kwenye damu mtu akipanda haraka. Matokeo yake ni maumivu ya viungo, kupooza, hata kifo.

Swali la mwisho ndilo kubwa zaidi, na kwalo mtoto wa mtoni yuko hatarini kuliko mgeni. Mvuvi wa Wagenia anashuka na pumzi ya juu. Inabanwa njiani, na akirudi inapata tena ukubwa wake wa kwanza. Kuishika ni ustadi wake. Lakini anayevuta hewa ya chupa au ya kompresa akiwa mita 10 chini amejaza mapafu kwa hewa iliyobanwa mara mbili. Akipanda huku amefunga mdomo, hewa hiyo inataka nafasi maradufu, na mapafu yanapasuka. Hata akishtuka, hata mashine ikizimika, apande akitoa pumzi polepole, asiishike. Ni kinyume kabisa cha alichofundishwa na baba yake kwenye maporomoko, na lazima ajifunze hivyo kabla hajavaa kidhibiti chochote, cha bei nafuu au cha ghali.